Kuhusu pawabenki ya bei ya ofa

Ndugu, umeuliza kama pawabenki ya mAh 50,000 (mAh ni kipimo cha chaji inayohifadhiwa) iliyoshushwa bei inafaa. Iache. Ya uwezo huo kweli ingekaribia kilo moja, na hiyo umesema ina gramu 250, ambao ni uzito wa mAh 10,000 hivi. Tena hata 10,000 halisi huipa simu kama 6,000 tu, kwa kuwa seli za betri ndani yake, za volti 3.7, hupandishwa hadi 5 na umeme mwingine hupotea kwa joto. Uwezo unaotoka kweli huandikwa kwa herufi ndogo mgongoni. Omba picha ya maandishi hayo.

Asilimia ya punguzo isikubabaishe. Andika bei ya leo, ulinganishe Black Friday, siku ya ofa kubwa madukani, ikifika Novemba. Mimi ningechukua pawabenki ya chapa ya Oraimo au Anker ya mAh 10,000 yenye dhamana.