Usikubali ang'olewe gego kwa taya linalolia

Dada uliyeniomba ushauri, ahirisha hiyo Jumamosi ya kumng'oa binti yako gego. Binti wa miaka 15, taya linalia "ka!" akipiga miayo, gego la chini linamuuma akiamka, bazoka haitoki mdomoni, na umeshaambiwa "ling'olewe yaishe". 

Kwetu liling'olewa gego zima, halina hata tundu, kwa maumivu ya aina hiyohiyo. Pengo lipo na maumivu yakabaki. Tumelipia vyote viwili.

Kiungo cha taya kiko mbele kidogo ya sikio. Ndani kuna kisahani cha gegedu kinachoteleza na mfupa mdomo ukifunguka. Kikichomoka na kurudi mahali pake ndiyo huo mlio. Mlio mtupu usiouma hauhitaji tiba. Kinachouma mara nyingi ni msuli wa shavu, ule unaotutumka ukikaza meno, na neva inayouhudumia ndiyo hiyohiyo ya magego. Msuli unaumia, gego linasingiziwa.

Mpime leo. Gonga magego moja moja kwa mpini wa kijiko, kisha asukutue maji baridi. Jino bovu mara nyingi hujitaja: moja tu ndilo litakalomrusha. Halafu akaze meno, umbonyeze shavu kwa vidole viwili, umalizie mbele ya sikio. Akisema "hapohapo mama!", anza kulishuku taya. Kwa daktari, kabla ya koleo, dai eksirei na ganzi ya jino hilo peke yake. Ganzi ikishika na maumivu yakabaki palepale, jino halina kesi. Kipimo cha dakika chache, na yule wetu wa koti jeupe hakukitaja. Sisi nasi koleo lilishawekwa kwenye trei, tungelirudishaje, tungeonekana washamba!

"Ni gego moja tu, ana mengine." Kauli hiyo ikome. Pengo likibaki, gego la juu hushuka kulifuata, la nyuma hulala kuelekea pengoni, mtoto huhamia kutafunia upande mmoja, na misuli ya upande huo inabeba mzigo wa pande zote mbili. Jino la kupandikiza nalo bado, maana taya linakua, hungojwa likomae. Hesabu miaka hiyo, kisha uliza bei.

Kwa hiyo kisichorudishika kisiguswe mpaka vinavyorudishika vimejaribiwa. Hapo naweka na wale wa kusagasaga meno ya mtoto eti "yakutane vizuri", na plastiki ya mtandaoni ya kuchemsha na kuvalia meno usiku, ambayo wengine huishia kuitafuna usiku kucha kama bazoka nyingine.

Wiki mbili hizi: bazoka, kucha, vifuniko vya kalamu, barafu, kufungua soda kwa meno, vyote marufuku. Na kushika tama kitandani na simu kama aliyefiwa. Muwa na mahindi ya kuchoma vikae kando. Ale wali, ndizi, maharage, nyama ikatwe vipande vidogo, atafunie pande zote mbili. Taulo la maji ya moto ya kuvumilika shavuni, dakika 15 asubuhi na jioni. Miayo ikija, ngumi chini ya kidevu.

Lililo gumu ni kukaza meno bila kujua, hasa akisoma. Bandika kistika nyuma ya simu yake. Kila akikiona: midomo imefungwa, meno yameachana, ncha ya ulimi kwenye kaakaa nyuma ya meno ya mbele.

Ila kama vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima havipiti mdomoni, mdomo umekwama, kuna uvimbe, homa, au alipigwa, usingoje wiki mbili. Mpeleke kwa bingwa wa upasuaji wa kinywa, uso na taya.

Na hiyo bazoka aiteme sasa hivi, siyo mpaka iishe utamu.