Mvutano wa Democrats si wa umri tu

Ndugu, unasema mvutano ndani ya chama cha Democrats kule Marekani ni wa vijana na wazee tu. Sikubaliani. Seneta Bernie Sanders alizaliwa 1941, na bado vijana wa mrengo wa kushoto wanamfuata. Kinachogombewa ni nani ashike chama na pesa za kampeni zitoke kwa nani. Tazama New York 2025: Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alimbwaga gavana wa zamani Andrew Cuomo kwenye kura za mchujo za Democrats za umeya wa jiji mwezi Juni, akiahidi mabasi ya bure. Hakeem Jeffries, kiongozi wao katika Baraza la Wawakilishi, alimuunga mkono mwishoni mwa Oktoba, uchaguzi uko mlangoni. Chuck Schumer, kiongozi wao katika Seneti, hakumuunga mkono kabisa. Mgombea halali wa chama chao wenyewe! Inauma sana kwa waliompigia kura.