Kitabu chake nakipenda, msimamo wake unanikera

SWALI: Shikamoo shangazi. Mie wa huku Ngamiani, Barabara ya 12, Tanga. Kwetu tumekulia kwenye muziki wa kantri, marehemu baba alikuwa na kanda za Jim Reeves na Don Williams, Jumapili asubuhi akishaweka moja basi mtaa mzima unajua tumeamka. Juzi kati kwa muuza vitabu vya mitumba nikaokota kitabu cha maisha ya Merle Haggard, mwimbaji wa kantri wa Marekani, kile alichotoa 1981, siku tatu sikulala vizuri kwa utamu. Ila shangazi huyu si ndo aliyeimba Okie from Muskogee, anawacheka vijana wa nywele ndefu waliopinga vita ya Vietnam? Mie vita ile naiona dhulma tupu, kila nikifungua ukurasa wimbo unanirudia. Barazani mshkaji kaniambia kama hukubaliani naye unamsoma wa nini, kiuze. Kwani nikisoma ndo nimemuunga mkono?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikiuze. Na huyo mshkaji muulize, mbona yeye timu yake anaitukana kuanzia dakika ya kumi na wiki ijayo yuko Mkwakwani kalipa kiingilio? Halafu mwenyewe Haggard alishafariki Aprili 6, 2016, siku aliyotimiza miaka 79, hela yako imeishia kwa muuza mitumba, hujamchangia mtu vita.

Sasa huo wimbo. Watu wanausikia hawaulizi Okie ni nani. Wazazi wake walitoka Oklahoma enzi za shida wakahamia California, yeye kazaliwa huko 1937, kwao wakiishi kwenye behewa la treni lililogeuzwa nyumba, na wenyeji wakiwaita watu wa aina yao Okie kwa dharau, kama sie tunavyomwita mtu wa kuja. Baba kafa yeye ana miaka tisa, akaharibika, akaishia jela ya San Quentin, na mwaka mpya wa 1959 mwimbaji Johnny Cash alipokwenda kuimba mle ndani Haggard alikuwa amekaa na wafungwa wenzie. Kwa hiyo 1969 alichofanya ni kulichukua tusi la nyumbani kwao akalijifunga kama kanga, akatoka nalo hadharani. Hapo namwelewa kabisa. Nisipomwelewa ni pale anapowageukia wale vijana, maana mtu aliyesamehewa makosa yake na gavana wa California (Reagan, 1972, kabla hajawa rais) ungetegemea awe na subira na waliogoma kwenda kuua, mie hilo sijamsamehe hadi leo, na wimbo ukipigwa bado natikisa kichwa, ndo hivyo.

Ila ngoja. Baada ya wimbo huo alitaka atoe mwingine, Irma Jackson, mzungu anampenda mwanamke mweusi, kampuni ya rekodi ikaogopa, ukaja kutoka 1972. Na 2005 huyohuyo kaimba kwamba Marekani itoke Iraq. Sasa weye unabishana na Haggard yupi? Cha 1981 hakijui ya 2005, ukikisoma kama fatwa utakosea.

Na mbona huku kwetu tunafanya hivyohivyo bila kushtuka. Shaaban Robert ni wetu, wa Vibambani hapo, Maisha Yangu nimeyasoma sijui mara ngapi, na yale anayomuusia binti yake kuhusu mke kumtii mume yananikaba koo, huwa nabishana naye kwa sauti mpaka wajukuu wanadhani nina mgeni. Nikifika anapomlilia Amina, marehemu mkewe, nafunga kitabu kwanza, nakwenda zangu jikoni.

Weye chukua penseli. Akikukera mjibu palepale pembeni ya ukurasa, mwite mjinga ukitaka. Ukimaliza niletee na mie nikisome, ila usifute ulichomwandikia.