Pikapu inayolala: oili ya kawaida au sintetiki?

SWALI: Nina pikapu ya petroli ya silinda sita, umri wake unakaribia miaka 20, na kwa mwaka haivuki kilomita 1,200. Naitoa mara moja kwa mwezi kubeba mbao au mchanga, wakati mwingine miezi miwili inapita haijawashwa. Kitabu chake kinataka oili ya mnato (uzito) wa 10W-30 bila kusema iwe ya kawaida au sintetiki. Fundi mmoja ananiambia nitie sintetiki nisahau kwa miaka mitatu. Mwingine anasema sintetiki itavujisha injini kuukuu. Nimsikilize nani?

JIBU: Hapo hakuna wa kumsikiliza. Kwa mwendo huo oili yako haichoshwi na kilomita, inachoshwa na kulala pamoja na safari fupi, na uchovu huo hauchagui aina ya oili.

Petroli ikiungua hutoa maji. Lita moja ya petroli huacha karibu lita moja ya maji. Mengi huondoka kama mvuke kupitia ekzosti, lakini sehemu ya gesi hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Injini ikiwa bado baridi, mvuke huo ukigusa kuta za chuma hugeuka matone na kuingia kwenye oili, na petroli ambayo haijaungua nayo inafuata njia hiyohiyo. Ukichanganya maji, petroli na mabaki ya moto, unapata tindikali. Ndani ya oili mna viongezi vya kuua tindikali, ila hivyo ni akiba: kila kinachotumika hakirudi. Akiba ikiisha, tindikali huanza kula beringi za kranki na kuleta kutu mahali ambapo hutapaona mpaka injini ifunguliwe.

Sintetiki ina sifa zake za kweli. Haiozi upesi kwenye joto kali, haipungui sana kwa kuvukiza, na kwenye baridi kali hupanda haraka kuliko oili ya kawaida. Ukivuta tela mlimani, ukiwa na tabo, au ukiishi penye baridi ya kugandisha maji, fedha utakayoongeza itakulipa. Lakini maji yaliyomo kwenye sampu hayaulizi oili ilitengenezwaje. Sintetiki ya miaka mitatu iliyojaa unyevu ni mbaya kuliko oili ya kawaida ya miezi minane.

Kwa hiyo tia oili ya kawaida ya 10W-30 yenye alama ya ubora ya API SN au SP, na umwage kila baada ya miezi 12 hata kama kilomita hazijafika popote. Kitabu kikitaja miezi sita kwa matumizi magumu, safari fupi za injini kutopata moto zinahesabiwa kuwa matumizi magumu, japo wenye magari ya namna hii hujiona wanayatumia kwa upole.

Kuhusu kuvuja: sifa hiyo ilitoka kwenye sintetiki za mwanzo za miaka ya 1970, ambazo baadhi zilisinyaza oili sili, mipira inayozuia oili isivuje. Za leo zina viongezi vya kulinda mipira hiyo. Kinachotokea kwenye injini kuukuu ni kwamba oili mpya yenye sabuni nyingi huondoa masizi yaliyokuwa yameziba ufa wa sili iliyokwisha kufa. Oili ya kawaida iliyo bora nayo inaweza kufanya hivyo. Dawa ni kubadilisha sili.

SWALI: Chini ya kifuniko cha kujazia oili nimekuta utando mzito, mweupe wa manjano kama krimu. Je, gasketi ya silinda hedi imeungua?

JIBU: Pengine bado. Kifuniko kiko juu na ni baridi kuliko sehemu nyingine za injini, kwa hiyo mvuke hukimbilia hapo. Krimu kwenye kifuniko peke yake, kwa gari la safari fupi, kwa kawaida ni unyevu uliokosa moto wa kuufukuza. Ifute kwa kitambaa, kisha uliendeshe gari barabarani dakika 40 mfululizo. Ikirudi kidogo baada ya wiki kadhaa za kulala, ni jambo la matumizi.

Chomoa kijiti cha kupimia. Kikiwa na oili ya kahawia au nyeusi safi, pumua. Kikiwa na rangi ya maziwa, au oili imepanda juu ya alama ya MAX na maji ya rejeta yanapungua, usiwashe tena. Hapo gasketi au hedi ni ya kushukiwa kweli. Oili ikipanda huku maji ya rejeta yako palepale, nusa kijiti: harufu ya petroli inaonyesha mafuta yanashukia kwenye sampu, mara nyingi kwa injekta inayovuja au kabureta inayofurika.

Kuna kipimo kidogo cha mafundi. Pasha kipande cha bati safi mpaka kiwe cha moto kuliko maji yanayochemka, kisha dondosha tone moja la oili kutoka kwenye kijiti. Oili isiyo na maji hutandaa kimya na kutoa moshi kidogo. Yenye maji hutoa vipovu na kulia chac-chac kama kaango lenye unyevu. Tone moja linatosha. Vaa miwani, na fanya mbali na petroli.

SWALI: Pikapu yangu nayo hulala, ila kila Jumapili naiwasha iungurume dakika kumi nikiiosha. Si ni vizuri?

JIBU: Ni vibaya kuliko kuiacha. Mshale wa joto ukifika katikati, huo ni wa maji ya rejeta. Oili iko nyuma sana. Injini ikiunguruma imesimama haina kazi ya kufanya, inakula petroli iliyokolea, na baada ya dakika kumi unaizima ikiwa imetengeneza maji bila kupata moto wa kuyatoa. Kila Jumapili unaongeza dozi nyingine.

Itoe mara moja kila wiki mbili hadi nne, barabarani, dakika 30 hadi 40 kwa mwendo wa kawaida wa njia kuu. Oili inatakiwa ikaribie nyuzi 100 za Selsiasi na ikae hapo muda wa kutosha ili maji yatoke kama mvuke. Safari hiyo inachaji betri na kuzungusha matairi pia. Kama huwezi kuitoa, iache izime kabisa, chomoa waya hasi wa betri, ujaze tangi kupunguza nafasi ya unyevu, na usiiguse mpaka siku utakayoihitaji.

SWALI: Nataka kuilaza miezi mitano. Nimwage oili kabla au nikirudi?

JIBU: Kabla. Ukiilaza na oili chafu, tindikali inashinda na chuma miezi yote mitano. Oili mpya iliyolala kwenye sampu haiharibiki kwa muda huo, na hutahitaji kumwaga tena siku ya kuitoa.

Iendeshe kwanza ipate moto, ili uchafu uelee ndani ya oili na utoke nayo. Iegeshe sehemu tambarare, zima, subiri dakika kumi. Fungua kifuniko cha juu, kisha bolti ya sampu, ukiielekeza mbali na mkono kwa sababu oili ni moto. Iache ichuruzike dakika 15. Wengi hufunga mapema na kubakiza nusu lita ya uchafu. Badilisha washa (pete) ya bolti, maana washa iliyokwisha kubanwa mara tatu ndiyo inayodondosha tone kila usiku na kulaumiwa sintetiki.

Filta ndiyo ya kuchagua kwa makini zaidi kuliko oili. Gari linalolala linahitaji filta yenye vali ya kuzuia oili isirudi chini, hasa kama filta imefungwa ubavuni au kichwa chini. Tafuta yenye vali ya silikoni. Zile za mpira wa kawaida hukakamaa, oili hushuka yote, na asubuhi ya kuwasha utasikia tapeti (vyuma vinavyosukuma vali) zikigonga sekunde kadhaa. Hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki kwenye injini. Paka oili mpira wa filta mpya, kaza kwa mkono mpaka uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana weka kando.

Jaza pungufu ya nusu lita ya kile kitabu kinachosema, washa dakika moja uangalie uvujaji, zima, subiri dakika tano, pima, ongeza kidogo kidogo. Kutoka MIN hadi MAX kwa magari mengi ni kama lita moja. Usivuke MAX: kranki ikifikia oili huipiga ikawa povu, na povu halibebi beringi.

Siku ya kuitoa baada ya miezi mitano, chomoa fyuzi ya injekta au ya pampu ya petroli, piga stata sekunde tano hadi kumi, pumzisha, rudia mpaka taa ya presha ya oili izime. Rudisha fyuzi, washa. Usikanyage mafuta kwa dakika ya kwanza.

SWALI: Nina lori kuukuu la dizeli linalotumia 15W-40. Naweza kutia 5W-40 sintetiki? Na nimebakiwa na lita mbili za kawaida, nichanganye?

JIBU: Ndiyo kwa yote mawili, mradi alama ya dizeli inatosha, kama CI-4 au CK-4. Zikishapata moto, 15W-40 na 5W-40 ziko daraja moja la mnato. Tofauti iko kwenye baridi: 15W hupimwa uwezo wa kugeuza injini kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Lori lako likilala sehemu yenye joto, hutaiona tofauti hiyo.

Oili za injini zenye alama ya API zinachanganyika bila kugandana, ila ukishachanganya, hesabu muda wa kumwaga kwa ile iliyo dhaifu. Angalia pia dumu: oili iliyofungwa vizuri, kwenye kivuli, hukaa takriban miaka mitano. Ikiwa imefunguliwa na ina ukungu au mashapo chini, ipake kwenye bawaba za geti, usiitie kwenye injini.