Nataka kusoma makala ya siasa, naambiwa nilipe dola 40

SWALI: Shikamoo mama mkutubi. Mimi ni mwalimu huku Kaliua, Tabora, nasoma masta ya sayansi ya siasa kwa masafa. Utafiti wangu ni uraia wa waliokuwa wakimbizi wa Burundi pale Ulyankulu. Nikiandika swali langu Google zinakuja habari za magazeti tu, na nikipata makala ya maana inataka dola 40. Sapavaiza anataka makala za majarida ya kitaaluma. Nifanyeje, na bando lenyewe ni la kuungaunga?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hiyo dola 40 usiilipe kabisa. Ule ukurasa haujui kama wewe ni mwanachuo, unakuona mpita njia ndo maana unakudai, na inawezekana kabisa chuo chako kina njia ya kuifungua hiyo hiyo makala bure. Anzia mlangoni: ingia tovuti ya maktaba ya chuo chako, tafuta palipoandikwa rasilimali za kielektroniki, weka logini yako, halafu ndo ubofye JSTOR au EBSCOhost, yaani hifadhi za mtandaoni za makala za majarida, ukitokea humo humo. Kama hujapewa paswedi mpigie mkutubi wa chuo leo, usione aibu, kazi yetu ndo hiyo. Muulize na Research4Life, mpango wa kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaaluma, Tanzania iko kwenye kundi la nchi ambazo taasisi zake zinaingia bure, ila anayesajiliwa ni taasisi sio mtu mmoja mmoja, na kwa mada yako ya uraia angalia hasa GOALI, programu yao ya sheria iliyoanza 2018.

Sasa kwenye kusachi ndo penye kazi. Wewe umeandika swali zima kama unamuuliza mtu, mtu angekuelewa, lakini databesi inalinganisha maneno uliyoandika na maneno ya mwandishi, basi. Kwa hiyo chukua karatasi, kila wazo liandikie majina yake yote ambayo wasomi wanalitumia, na wengi wao wanaandika kwa Kiingereza. Watu wako wanaitwa Burundian refugees, wengine wanaandika Hutu refugees, wengine Barundi, na mara nyingi wanaongeza 1972 maana ndo mwaka waliokimbia. Makazi yenyewe, yaani Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wanayaita old settlements. Uraia ni citizenship, ila neno linalobeba mzigo hapa ni naturalization, na hilo kuna wanaoliandika kwa z na kuna wanaoliandika kwa s, ukishika moja tu unazikosa za upande wa pili.

Humo kwenye databesi fungua msako wa kina (Advanced Search), utaona visanduku. Cha kwanza andika Burundi* OR Hutu OR Barundi, cha pili Tanzania, cha tatu naturali* OR citizenship, na katikati ya visanduku acha AND. OR maana yake lete lolote kati ya hayo, AND maana yake yote yawepo. Hiyo nyota maana yake lete mwisho wowote wa neno, kwa hiyo z na s zote zinaingia. OR iandike kwa herufi kubwa. Google Scholar, ile Google ya kusachi makala za kitaaluma, nyota haiitii, huko andika maneno kamili.

Na hili wageni hawalijui ila sisi wa huku tunalijua: mkoa wa Katavi umeanza 2012, kabla ya hapo Katumba na Mishamo zilikuwa Rukwa, na Kaliua yako ilikuwa ndani ya Urambo. Ukisachi Katavi au Kaliua peke yake makala za zamani hutaziona, utadhani hakuna aliyeandika.

Angalia sana na mwaka wa makala. Waliokubaliwa uraia ni zaidi ya 162,000, ikatangazwa 2010, lakini vyeti vimeanza kugawiwa 2014, kwa hiyo aliyeandika 2012 anaongelea watu walio kwenye kusubiri na aliyeandika 2017 anaongelea watu wenye karatasi mkononi, usije ukawachanganya kwenye aya moja, sapavaiza makini atakushika hapo hapo.

JSTOR ni nzuri kwa za zamani, ila majarida mengi humo yanachelewa miaka mitatu mpaka mitano, kwa hiyo za karibuni zitafute EBSCOhost au kwenye tovuti ya jarida lenyewe ukiwa umeingia kwa logini ya chuo. Kwako ningeanza na Journal of Refugee Studies. Usiache The African Review la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lipo tangu 1971, na African Journals Online ambako makala nyingi ni bure kabisa.

Ukipata makala moja inayokugusa kweli, ing'ang'anie. Marejeo yake ya mwisho yanakurudisha nyuma, na Google Scholar chini ya jina la makala pana Cited by, hiyo inakuleta mbele kwa walioinukuu makala hiyo. Hapo utavuna kuliko kusachi upya kila siku.

Kuhusu bando, soma ikisiri kwanza, ule muhtasari mfupi wa mwanzo wa makala, ni maandishi tu hauli bando. PDF danlodi zile ulizozichuja, uipe jina la mwandishi na mwaka palepale, maana faili lenye namba tupu wiki ijayo hutajua ni la nini utalidanlodi tena.

Zikikugomea, nitumie jina la makala, mwandishi, mwaka na DOI, ile namba inayoanza na 10. Picha ya skrini haitoshi, mara nyingi inakuja imekatwa jina.