Maswali na Majibu: Chaguo-msingi Lako Limekaa Upande Gani?

Maswali ya ORM (zana inayounganisha msimbo wa programu na majedwali ya hifadhidata) yamefurika tena, na karibu yote ni ndugu wa tumbo moja: chaguo-msingi (default), yaani thamani mtu aliyodhani itajazwa yenyewe, haikujazwa, au imejazwa kitu kingine. Wanaotaka niwaambie ORM ipi ni bora kuliko zote wataendelea kusubiri.

Swali: Natumia Django ya Python. Modeli yangu, yaani darasa linalowakilisha jedwali, ina default='hai'. Mwenzangu akiingiza rekodi kwa SQL moja kwa moja, anagomewa kwamba safu haiwezi kuwa NULL (tupu). Django ina hitilafu?

Jibu: Haina. default ya Django inaishi kwenye Python, haiishi kwenye hifadhidata. Migresheni (hatua ya kubadili muundo wa jedwali) inapoongeza safu ya NOT NULL kwenye jedwali lenye data, Django huweka DEFAULT kwa muda ili rekodi za zamani zijazwe, kisha huiondoa. Fungua jedwali kwa \d ndani ya psql, kiolesura cha hifadhidata ya PostgreSQL, ujionee. Tangu toleo la 5.0, lililotoka Desemba 2023, kuna db_default, na hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye hifadhidata yenyewe. Wa SQLAlchemy, ORM nyingine ya Python, nao wana mgawanyo uleule: default ni ya Python, server_default ni ya hifadhidata.

Hapa nitarudia wimbo wangu, anayeuchoka aruke aya. Jedwali ni nyumba yenye milango mingi, na ORM ni mlango mmoja tu. Kuna skripti ya usiku, kuna mtu wa uhasibu anayepakia CSV, kuna ile huduma ya pili iliyoandikwa kwa Go ambayo haijawahi kusikia habari za modeli zako. Kanuni inayohusu data yenyewe, kwa mfano kwamba agizo jipya huanza na hali ya 'mpya', iwekwe kwenye hifadhidata. Inayohitaji kujua ni nani ameingia kwenye mfumo na anafanya nini, hiyo ibaki kwenye msimbo.

Swali: Natumia Hibernate, ORM ya Java. Nimeweka @ColumnDefault("0") na jedwali kweli lina DEFAULT 0, lakini safu ya salio inaingia NULL. Kwa nini?

Jibu: Kwa sababu umeituma NULL wewe mwenyewe. Hibernate kwa kawaida hutunga INSERT inayotaja safu zote, na Integer ambayo hukuipa thamani inaondoka kama NULL. Kwa SQL, DEFAULT hufanya kazi pale safu isipotajwa kabisa, au ukiandika neno DEFAULT mahali pa thamani. NULL iliyotajwa wazi huheshimiwa kama ilivyo. @ColumnDefault kazi yake inaishia kwenye kuunda jedwali. Wakati wa kuingiza rekodi haina la kusema.

Dawa zipo. Rahisi kuliko zote ni kuipa thamani ndani ya darasa: private Integer salio = 0. Ukitaka hifadhidata ndiyo iamue, @DynamicInsert huziacha safu zenye null nje ya INSERT, na @Generated humwambia Hibernate asome tena kilichojazwa. Ila swali langu kwako ni moja: NOT NULL ilikuwa wapi? Ungeiweka, kosa lingekupigia kelele siku ya kwanza badala ya kukusubiri kwenye ripoti ya mwisho wa mwezi. Na atakayekushauri uweke triga (msimbo unaojiendesha ndani ya hifadhidata) ya kubadilisha NULL kuwa sifuri, mshukuru kisha usimsikilize.

(SQLAlchemy hapa ina tabia yake: ukiipa sifa ya modeli None, na safu ina chaguo-msingi, ORM huiacha nje kana kwamba hukuitaja. Ukitaka NULL kweli, tumia null().)

Swali: Laravel (fremu ya PHP): baada ya create(), $agizo->hali ni null, lakini kwenye jedwali naona 'mpya'.

Jibu: Ita refresh(), au weka thamani hiyo kwenye $attributes ya modeli. Eloquent, ORM ya Laravel, haikufuatilia hifadhidata ilijaza nini.

Swali: Saa ya kuundwa ni ileile kwenye rekodi zote. Nimeandika default=timezone.now() kwenye Django.

Jibu: Ondoa mabano. Swali hili halikauki, na jibu lake liko kwenye nyaraka za Django. Ulichompa ni saa ambayo seva iliwashwa; mpe kazi (function) ya kuita, siyo jibu lake. Na default=[] nayo ni ugonjwa huohuo: andika list.

Swali: EF Core (ORM ya C#): safu ya bool ina HasDefaultValue(true). Nikihifadhi false, inarudi true!

Jibu: false ndiyo thamani ya awali ya bool katika C#, hivyo EF Core iliona hujaweka kitu na kuiachia hifadhidata ijaze. Toleo la 8, la Novemba 2023, lilirekebisha hili. Ukiwa kwenye la zamani, tumia bool? au futa chaguo-msingi hilo.

Lakini nimeona jina la safu uliyonitumia: amekubali_matangazo. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, itolewe kwa kauli au kitendo cha mhusika mwenyewe. DEFAULT true siyo kitendo cha mhusika. Hitilafu ya EF Core ndiyo ndogo kati ya matatizo yako mawili.

Swali: Duka letu liko Mombasa. Safu ya tarehe ina DEFAULT CURRENT_DATE, na mauzo ya usiku yanaandikwa jana yake.

Jibu: Seva iko kwenye UTC (saa ya kimataifa), nyinyi mko saa tatu mbele. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku, hifadhidata bado iko jana. Hifadhi timestamptz (aina ya PostgreSQL ya tarehe na saa inayozingatia ukanda wa saa) yenye DEFAULT now(), kisha toa tarehe kwa AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi' unapoandaa ripoti. Kumbuka pia kwamba now() ya PostgreSQL ni saa muamala (kundi la amri zinazofanyika kwa pamoja) ulipoanza. Rekodi zote za muamala mmoja zitafanana, na hapo hakuna kosa.

Swali: Nikibadili DEFAULT ya sarafu kutoka 'TZS' kuwa 'KES', rekodi za zamani zitabadilika?

Jibu: Hazitabadilika, SET DEFAULT ni ya rekodi zijazo tu. Nakuomba uifute kabisa. Shilingi elfu hamsini za Tanzania, Kenya na Uganda ni pesa tatu tofauti, na anayeandika kiasi bila sarafu anastahili kukataliwa, si kubahatishiwa.

Swali: Prisma (ORM ya JavaScript): nina @default(uuid()), lakini hifadhidata haina DEFAULT yoyote.

Jibu: Prisma ndiyo huitengeneza hiyo UUID (kitambulisho cha kipekee). Tumia dbgenerated("gen_random_uuid()"), PostgreSQL 13 na kuendelea inayo bila kiendelezi. @default(now()) kwa upande wake huandikwa kwenye hifadhidata. Kwenye faili la skima mbili hizi zinafanana kama pacha, kwa hiyo soma SQL ya migresheni kabla hujaituma.