Kabla ya kumtangaza mwanafunzi bora, kubalianeni kwanza mtampataje

Mwalimu mmoja kijana aliyekabidhiwa ofisi ya taaluma mwaka huu aliniuliza namna ya kupanga zawadi za wanafunzi. Kiti hicho nilikikalia miaka kadhaa, katika sekondari ya kutwa yenye mikondo mingi na walimu wachache, na jibu langu likawa refu kuliko alivyotarajia. Naliweka hapa kwa wataaluma wengine, na kwa wazazi wale ambao ripoti ikifika mkononi jicho linakwenda moja kwa moja pale palipoandikwa "wa ngapi".

Nianze na hesabu, maana ugomvi mwingi unazaliwa hapo. Shule nyingi zinapanga watoto kwa wastani wa alama. Baraza la Mitihani la Tanzania halipangi hivyo. Kidato cha Nne linachukua masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi na kujumlisha pointi: A ni kuanzia 75 na ina pointi 1, B kuanzia 65 pointi 2, C kuanzia 45 pointi 3, D kuanzia 30 pointi 4, chini ya hapo ni F, pointi 5. Ukiwa na pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza. 18 hadi 21, la pili.

Sasa chukua wanafunzi wawili. Mmoja kapata 64 katika masomo yote saba. Wastani 64, C saba, pointi 21: daraja la pili, tena ukingoni kabisa. Mwenzake kapata 65 katika masomo manne na 45 katika matatu. Wastani wake haufiki hata 57, lakini pointi zake ni 17, na hilo ni daraja la kwanza. Kwenye mkeka, yaani orodha ya matokeo mnayoibandika ubaoni, yule wa kwanza amemwacha mwenzake mbali na ndiye anayeitwa mbele siku ya zawadi. Kwa alama hizo hizo kwenye mtihani wa taifa, mambo yanageuka.

Nani bora kati yao? Walimu wanaweza kubishana mpaka chai ipoe, na kila upande una hoja. Mimi nilichosimamia ni kwamba mnachagua kipimo kimoja Januari, mnakiandika, mnakisoma mstarini, na hakibadiliki mpaka Desemba. Kwa Kidato cha Tatu na cha Nne nilipendelea pointi, kwa kuwa ndizo watakazopimwa nazo, na wastani unatumika pale tu wawili wanapolingana. Lakini ujue pointi nazo zina upofu wao: mtoto aliyepanda kutoka 46 hadi 63 hazimwoni kabisa, bado ni C. Kwa hiyo usizifanye kipimo pekee cha zawadi zote.

Kuna tatizo la mchepuo pia. Kuanzia Kidato cha Tatu wengine wanakwenda sayansi, wengine biashara, wengine sanaa, halafu tunawaweka wote kwenye orodha moja ya kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Anayesoma Fizikia na Kemia anapangwa na asiyezisoma, kana kwamba wamefanya mtihani mmoja. Tulitenganisha orodha, na kelele za kila muhula zikapungua. Zawadi ya somo moja moja nayo inasaidia sana hapa. Hisabati, kwa mfano, ndilo somo ambalo watahiniwa wengi huanguka mwaka hadi mwaka, na mtoto anayelimudi anastahili kusimama mbele hata kama Kiswahili na Historia zimemwangusha.

Nije kwenye kitu kidogo ambacho nimekiona kikiharibu siku ya watu. Jedwali la kompyuta mnaloingizia alama lina tabia moja: kisanduku kikiachwa wazi, fomula ya wastani inakiruka. Mwanafunzi aliyeugua akakosa mtihani wa somo analoliogopa anagawanyiwa kwa masomo machache kuliko wenzake, na ghafla anachomoza kumi bora. Sisi tulikuwa na binti wa namna hiyo. Jina lilishasomwa mstarini na makofi yakapigwa, kisha mwalimu wa darasa akanijia pole pole na karatasi mkononi. Kumshusha mtoto baada ya makofi ni kazi usiyomwombea hata adui yako. Tangu siku ile ikawa sheria: asiyefanya mtihani anaandikiwa alama ya kutokuwepo, na nafasi hapangiwi mpaka afanye mtihani wa marudio.

Ndiyo maana nasisitiza siku za uhakiki. Karatasi zilizosahihishwa zirudi kwa wanafunzi kabla ya matokeo kubandikwa, kila mmoja ajumlishe mwenyewe, aliyeona kasoro aende kwa mwalimu wa somo. Walimu watalalamika kwamba watoto wanaomba alama kama sokoni. Wataomba, ndiyo. Lakini makosa ya kujumlisha yapo mengi kuliko tunavyokiri, hasa ukisahihisha karatasi za mikondo minne kwa taa ya simu.

Zawadi ya aliyepiga hatua ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyonisumbua kuliko zote. Wazo ni rahisi: aliyepanda zaidi apongezwe, hata kama bado yuko katikati ya darasa. Ugumu ni kwamba mtihani wa Jiografia ukiwa mwepesi muhula huu, darasa zima limepanda, na hakuna aliyepiga hatua yoyote. Kwa hiyo mlinganishe mtoto na wastani wa darasa: muhula uliopita alikuwa chini ya wastani kwa alama ngapi, sasa yuko wapi. Halafu kuna ujanja. Wanafunzi wakishajua kuna kaunta buku na mkebe wa hisabati kwa anayepanda, wapo watakaojilegeza mtihani wa Juni ili waruke Novemba. Sisi tulianza kuhesabu kutoka mtihani wa mwisho wa mwaka uliotangulia, ule unaoingia kwenye kumbukumbu zao, na hakuna mwenye akili anayeuchezea huo.

Zawadi ya mahudhurio niliipinga na bado naipinga, angalau kwa shule za kutwa. Utakuta unampongeza anayeishi nyuma ya shule, huku anayetembea saa nzima, na siku ya maji ya bomba anabaki nyumbani na ndoo, anaonekana mtoro.

Kuhusu mkeka wenyewe. Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya Kidato cha Nne ya 2022, liliacha kutaja shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, hoja mojawapo ikiwa kwamba orodha zile zilikuwa zinazitangaza shule bure. Wapo waliokasirika, wakasema ushindani umeuawa. Nadhani ulikuwa uamuzi sahihi, na natamani ungeshuka hadi kwenye mbao zetu za matangazo. Bandika kumi wa mwanzo na walioongoza kila somo. Wengine wape matokeo yao mkononi. Yule aliyekuwa wa 134 kati ya 135 anajua kabisa kwamba hali ni mbaya. Kitu ambacho hajui ni aanzie wapi, na ubao haumwambii. Kinachotokea ni kwamba anapewa jina la utani, na Jumatatu haonekani.

Nidhamu na taaluma visichanganywe bila kanuni. Mnaamuaje mwanafunzi aliyesimamishwa wiki mbili akiongoza Kemia? Nilishuhudia kikao cha walimu kikigawanyika kwa suala hilo asubuhi ya mahafali, mgeni rasmi akiwa njiani. Msimamo wangu ni kwamba zawadi ya Kemia ni ya Kemia. Kama shule inataka vinginevyo, sawa, lakini iandikwe Januari na bodi ya shule iijue.

Mgeni rasmi nimemtaja, basi niongeze: zawadi zinunuliwe kabla. Usitegemee ahadi za jukwaani. Anayeahidi madaftari mbele ya maikrofoni mara nyingi anabadili namba ya simu, na mtoto anabaki anakuuliza wewe kila mkikutana koridoni.

Sasa yale yanayouma zaidi. Shule niliyoijua kwa karibu ilikuwa inamlipa mwalimu motisha kwa kila A inayopatikana katika somo lake. Ilionekana nzuri, na A ziliongezeka kweli. Lakini angalia mwalimu anafanya nini na muda wa jioni: anawakusanya wenye 70 awavushe hadi 75, na wenye 25 wanabaki wanacheza mpira. Mwalimu huyo si mbaya, amesoma tu mahali fedha ilipo. Tukapendekeza motisha ihesabu pia F zilizopungua, kwa uzito uleule, na mkuu wa shule akakubali baada ya mvutano.

Baya kuliko hilo ni mchujo: shule inaweka wastani, na anayeshindwa kuufikia anakaririshwa, anahamishwa au anasajiliwa kituo kingine cha mtihani ili matokeo ya Kidato cha Nne yang'are. Wizara ya Elimu imekwisha kulikemea, na bado linafanyika kwa majina mengine, "ushauri kwa mzazi" likiwa mojawapo. Ukiitwa shuleni ukashauriwa hivyo, omba maandishi yenye muhuri. Mara nyingi ushauri unaishia hapo hapo.

Na mzazi, ripoti ikifika, acha kwanza kutazama mtoto ni wa ngapi. Chukua kalamu uzungushie alama zilizokaribia mpaka: 28 au 29, 43 au 44, 63 au 64, 73 au 74. Hayo ndiyo masomo ambayo kazi kidogo inabadili gredi, na gredi ikibadilika pointi zinabadilika. Kisha nenda kwa mwalimu wa somo, si mwalimu wa darasa, umuulize ni mada zipi mtoto aliziacha wazi kwenye karatasi. Mwalimu wa Hisabati atakuambia bila kusita: logarithimu, au takwimu, au maswali ya mafumbo. Mwambie mtoto akuletee karatasi yenyewe pia. Kama hana, kama ilishachanika au shule haikuirudisha, hilo nalo lipeleke kwenye kikao cha wazazi.